Nyumba ya Kasubi: ni ile ile au ni nyingine?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Mbale. Tuliwapeleka wanafunzi Kasubi, Kampala, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, na mmoja akaandika: "Nyumba ni ile ile iliyoungua mwaka 2010." Mwenzake akampinga kwamba iliyoungua imekwisha, hii ni nyingine. Nilishindwa kusahihisha. "Ile ile" inafaa hapo? Na niseme nyumba imebadilika, imegeuka au imebadilishwa?

JIBU: Marahaba. Kalamu nyekundu iweke chini kwanza.

"-le -le" ina kazi mbili, na katika mazungumzo ya kila siku hatuzitenganishi. Ukienda kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya ndoa, ukamkuta wifi yako kavaa gomesi (lile vazi refu la wanawake) ile ile uliyovaa wewe, hakuna atakayedhani mmejibana wawili ndani ya nguo moja. Nguo ni mbili, zinafanana tu. Lakini ukisema "hii ni gomesi ile ile aliyovaa mama siku ya harusi yake", hapo nguo ni moja, imetoka sandukuni. Kipimo ni chepesi: mahali pa "ile ile" weka "kama ile". Kwenye sentensi ya kwanza maana inabaki, kwenye ya pili inaharibika. Waganda husema kye kimu, yaani ndicho kimoja, na nadhani ndiyo sababu Kampala utamsikia mtu akisema "hizi simu ni moja" huku ameshika mbili. Sokoni namwacha aseme. Kwenye insha namkata.

Mwanafunzi wako wa kwanza hasemi "kama ile". Anadai umoja, na hapo ndipo ugomvi ulipo.

Sarufi yetu ina msaada ambao wengi hawauoni. "-le -le" haisimami bila nomino. Hata ukiificha, upatanisho wa ngeli unaidai: kile kile, lile lile, yale yale, pale pale. Huwezi kutamka tu kwamba kitu hakikubadilika ukaenda zako. Lazima useme ni nini hasa hicho ambacho ni kile kile. Katika karne ya 20 mwanafalsafa Mwingereza Peter Geach alishikilia hoja ya namna hiyo, kwamba kusema A ni yule yule B bila kutaja yule yule nani ni kusema nusu ya maneno. Sisi ngeli zinatusukuma tuseme na nusu ya pili.

Jaribu kwenye hadithi ya kale. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anasimulia kwamba Waathene waliitunza meli ya shujaa wao Theseus. Ubao ukioza, wanautoa na kupachika mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika kama bado ni yenyewe. Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes akaja kuitia pilipili katika karne ya 17: je, mtu akiziokota zile mbao kuukuu na kuziunga tena kwa mpangilio wa kwanza? Kwa Kiswahili, mbao zile zile ziko upande huu, na chombo kile kile, watasema Waathene, kiko upande ule. Mwenye bodaboda aliyebadilisha injini, tangi na magurudumu anaijua kesi hii vizuri, hasa siku ya kuiuza.

Turudi Kasubi. Jengo lilijengwa mwaka 1882 likiwa kasri la Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Muteesa wa Kwanza. Alipozikwa humo mwaka 1884, kasri likawa masiro, makaburi ya wafalme. Jengo lile lile, lakini si kasri tena. Tarehe 16 Machi 2010 mambo yakapinduka: moto uliliteketeza jengo, wafalme wanne wakabaki walipolazwa. Masiro yale yale, pale pale, jengo lingine. Hata kabla ya moto, majani ya paa hayakuwa yale yale, maana nyasi huezekwa upya, na hiyo ni kazi ya ukoo wa Ngeye.

Sasa tazama neno alilolichagua mwanafunzi: "nyumba". Nyumba ni kuta na paa, na nyumba ni ukoo na waliomo. Kwa maana ya kwanza amekosea, kwa ya pili yuko sahihi. Mwenzake alisikia kuta.

Vitenzi havina vita kubwa. "Kubadilika" kunadai kitu kibaki, sifa zake ndizo ziende: nywele zimebadilika rangi, mzee ni yule yule. "Kugeuka" kunaweza kukimeza kitu chenyewe: nyumba iligeuka majivu, na baada ya hapo hatuna nyumba ya kuisemea. "Kubadilishwa" kuna mkono wa mtu: paa limebadilishwa. Kwa Kasubi andika "iliteketea, ikajengwa upya".

Hukuuliza, lakini wanafunzi watauliza: kwa miaka ile ya ujenzi, nyumba ilikuwapo? Hapa tenga "ni" na "-po". "Muteesa wa Kwanza ni Kabaka wa 30 wa Buganda" ni sentensi safi, ingawa hayupo. "Ni" inaeleza kitu ni nini. Kuwapo kwake kunasemwa na po, ko na mo, ambazo zote ni za mahali. Kwetu kuwapo ni kuwa mahali. Ukiulizwa "upo?" unajibu "nipo", nawe humaanishi kiti ulichokalia, Mganda naye akijuliwa hali hujibu gyendi, pale nilipo. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu falsafa ya kuwa, alipanga vyote vilivyopo katika mafungu manne kwa kufuata Kinyarwanda: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. La tatu ni mahali. Basi nyumba haikuwapo, masiro yalikuwapo. (Wanaoandika "kuwepo" ni wengi kuliko mimi, nimeshachoka kubishana nao.)

Kuhusu alama, mrudishie kila mmoja daftari lake, aandike sentensi yake tena kwa kutumia "jengo", kisha kwa "masiro". Atakayeandika "masiro lile lile", huyo ndiye wa kukatwa.