J-1 na miaka miwili ya kurudi kwenu: mchumba yuko Marekani, nifanyeje?

Shikamoo anti. Mimi ni mdada wa miaka 29, nilikuja Marekani mwezi wa nane mwaka jana kufundisha Kiswahili chuo kikuu kwa mpango wa Fulbright, ule wa wasaidizi wa walimu wa lugha za kigeni, viza yangu ni J-1, ile ya programu za kubadilishana, na mkataba unaisha Mei. Sasa huku nimekutana na mkaka, raia wa hapahapa, tumependana na si utani, kwao wananijua, mama yake ananipigia simu kuniuliza kama nimekula. Tulipanga tufunge ndoa ya serikali kabla mkataba haujaisha halafu tuombe grini kadi. Nilipomgusia yule mama wa ofisi ya wageni pale chuoni akanifungulia pasipoti akanionyesha kwenye viza pameandikwa 212(e), akasema ni lazima nirudi nyumbani miaka miwili. Nimelia sana. Binamu yangu yuko huku tangu zamani anasema hizo ni mbwembwe za kutishia watu, yeye aliingia na viza ya kutembea akaoa na karatasi akapata, na kwamba nikizaa tu huku kila kitu kinafutika. Wengine wanasema ubalozi wetu ukiandika barua mambo yameisha. Anti, nibakije na mwenzangu?
Mwalimu, Njia Panda

Marahaba mwanangu, na hongera, kupendwa na mtu ni kitu kimoja, kupendwa hadi na mama mkwe ni kingine kabisa. Nianze na binamu yako maana ndo anayeweza kukuharibia. Hakudanganyi, anakusimulia yaliyompata yeye. Aliyeingia kihalali na viza ya kutembea akaoana na raia, hata kama muda wake ulishapita, kwa kawaida sheria inamruhusu kuomba grini kadi akiwa humohumo ndani. Yeye hakuwa na deni la miaka miwili. Wewe unalo, na hili deni halizeeki, ukijificha miaka kumi halafu ukaenda kuomba watakuuliza uliishi wapi baada ya J-1.

Kanuni iko hivi. Mtu wa J-1 anafungwa kwa mojawapo ya sababu tatu: kuna hela ya serikali kwenye programu yake, iwe ya Marekani au ya kwao, hata kama ni sehemu tu, au fani yake iko kwenye orodha ya ujuzi ambao nchi yake inauhitaji, au alikuja kwa mafunzo ya udaktari. Hela ya Fulbright yako inatoka serikali ya Marekani, kwa hiyo hapo hamna mjadala, na loya akikuambia kuna ujanja muulize ni ujanja gani kabla hujatoa hata senti.

Lakini soma vizuri inakataza nini, maana watu wanaogopa hata yasiyokatazwa. Haikatazi kupenda, haikatazi kuolewa. Mkienda kesho mkafunga ndoa ni ndoa halali kabisa. Na mumeo anaweza kukuombea kwa fomu ya I-130 na ikakubaliwa, kwa sababu fomu ile inataka kujua kama ndoa yenu ni ya kweli na kama yeye ni raia, basi. Kinachokwama ni hatua inayofuata: huwezi kupata grini kadi ukiwa ndani, huwezi kupata viza ya uhamiaji ukiwa nje, huwezi kupata H ya kazi, L ya kuhamishwa na kampuni, wala K ya mchumba, mpaka umalize miaka miwili kwenu au upate msamaha. Na ukiwa ndani ya Marekani huwezi kubadilisha viza kwenda nyingine, ukitoa chache sana kama zile za kidiplomasia.

Nimeitaja K makusudi maana kuna mtu atakushauri urudi halafu mwenzio akuombee viza ya mchumba urudi fasta. Haipo hiyo kwako. Cha ajabu ni kwamba sharti la kurudi liliingia kwenye sheria mwaka 1956, likaja kulegezwa 1970, na sheria ileile ya 1970 ndo iliyoanzisha viza ya mchumba. Zimepita kwenye sheria moja ila hazisalimiani.

Kwa hiyo ule mpango wenu wa kuoana kabla ya Mei halafu kutuma fomu zote kwa mpigo, I-130 pamoja na I-485 ya grini kadi, uacheni. I-485 itakataliwa, ada hairudi, na wewe utakuwa umeshamaliza programu huna hadhi yoyote nchini. Baada ya mkataba una siku 30 za kufunga mizigo, hata kazi huruhusiwi kufanya siku hizo.

Sasa msamaha. Ile barua ya ubalozi ipo kweli, ni barua ya serikali yenu kusema haina pingamizi ukibaki. Unajaza kwanza fomu ya DS-3035 mtandaoni, unailipia dola 120, halafu ubalozi wenu kule Washington unapeleka barua moja kwa moja kitengo cha misamaha cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, wizara ikiridhika inapendekeza kwa idara ya uhamiaji, USCIS, nao ndo wanatoa uamuzi. Kwa mtafiti aliyelipwa na chuo binafsi barua hii hufanya kazi mara nyingi. Kwa mtu wa Fulbright nisikufiche, ni nadra mno, kwa sababu aliyelipa si serikali yenu ni Wamarekani wenyewe, sasa serikali yenu kusema haina pingamizi inawasaidia nini wao? Sikukatazi kujaribu, dola 120 si mwisho wa dunia, ila usipange harusi juu ya hiyo barua.

Njia ya pili ndo hiyo ya mtoto na mume, na hapa binamu amechanganya. Mtoto hafuti kitu. Ila ukiwa na mume au mtoto ambaye ni raia au ana grini kadi unaweza kuomba msamaha kwa fomu ya I-612 ukionyesha kwamba wao watapata shida iliyopita kiasi. Wao, siyo wewe. Na lazima uonyeshe pande zote mbili: mumeo ataumia akikufuata kwenu, na pia ataumia akibaki huku peke yake. Kukumbukana, kulipa kodi ya nyumba mwenyewe, kulala na simu sikioni, hayo wanayahesabu ni ya kawaida kwa yeyote aliyetengana na mwenzie. Yanayobeba uzito ni mambo kama ugonjwa mzito ambao matibabu yake kwenu hayapatikani, au mtoto mwenye mahitaji maalumu, au hatari ya kweli ya usalama, tena kwa vyeti vya madaktari na ushahidi siyo maneno. Halafu hata USCIS wakikubali kwamba shida ipo, faili linaenda Wizara ya Mambo ya Nje, wizara ikisema hapana basi ni hapana, na wizara hiyohiyo ndo inayoendesha Fulbright. Umenielewa? Kijana mzima mwenye afya na kazi yake, hamna mtoto, sioni mnaandika nini kwenye hiyo fomu. Na tafadhali usizae ili upate cha kuandika.

Njia nyingine ni za watu wengine, kuna ya anayeogopa kuteswa kwao kwa sababu ya rangi, dini au msimamo wa kisiasa, na kuna ya taasisi ya serikali ya Marekani kusema inakuhitaji kwa kazi yake. Nadhani si zako.

Inabaki kurudi, na hapa ndo nataka tuongee kama watu wazima. Barua yako yote umeniuliza utabakije kule. Hujaniambia hata mstari mmoja kama umeshamuuliza yeye kama anaweza kuja kuishi kwenu. Kanuni inamfunga nani? Wewe tu. Yeye ana pasipoti, ana miguu, na wenzake wengi wanafanya kazi kwa kompyuta wakiwa popote, au anaweza kuja kwa vipindi. Mwanaume anayesema atakufuata popote, hapa ndo pa kumsikia akisema. Asipoweza kwa sababu ya kazi au mama yake anaumwa hiyo ni sababu, mtapanga vingine, lakini kama hajawahi hata kuwaza, heri ulijue hilo kabla ya kusaini cheti.

Na hiyo miaka miwili si mibaya kama inavyosikika, kuna mambo yanakusaidia. Siku zinajumlishwa, si lazima zifuatane, ukitoka kwenda nchi jirani wiki mbili hazihesabiwi ila huanzi upya. Lazima ziwe nchini kwenu lakini, ukienda kukaa Canada au Ulaya karibu na mpenzi ni kama hujaanza. Tunza stempu za pasipoti, mkataba wa nyumba, hati za mshahara, kila karatasi inayoonyesha ulikuwepo. Halafu mkishaoana mwenzio asisubiri, apeleke I-130 mapema, faili lisonge wakati wewe unahesabu siku zako, maana lenyewe huchukua muda mrefu na muda huo unaupoteza bure ukisubiri kwanza umalize. Ikishakubaliwa msiliache faili lilale, wahusika wa viza wakikaa mwaka mzima bila kuwasikia nyie wanaweza kulifuta. Na kuna zawadi ndogo mwishoni, ndoa ikiwa imeshatimiza miaka miwili siku unapoingia Marekani na viza ya uhamiaji unapata grini kadi ya miaka 10 moja kwa moja, siyo ile ya masharti ya miaka miwili ambayo watu wanahangaika kuondoa masharti.

Kumtembelea katikati unaweza kuomba viza ya utalii, 212(e) haiizuii, ila kwenye intavyuu ukisema mume wangu yuko kule afisa atajiuliza kama utarudi, na usidanganye kuhusu ndoa, uongo kwenye fomu ni kesi mbaya kuliko hiyo miaka miwili. Hata viza ya masomo F-1 inaruhusiwa ukiiombea nje, kama unawaza kusoma shahada, lakini ukimaliza masomo utakuta deni lako liko palepale.

Ukiniuliza mimi: oaneni kama mko tayari kuoana, rudi Mei kwa heshima yako, mwenzio apeleke fomu, aje kwenu anapoweza. Watu wanaogombana na msamaha usio wao wanaweza kumaliza muda uleule na bado wakaambiwa warudi.

*

Anti habari. Mke wangu ni daktari, yuko kwenye mafunzo ya ubingwa hospitali moja Marekani kwa J-1, mimi nimekuja naye kwa J-2, viza ya familia ya mwenye J-1. Nimepata kampuni inataka kuniombea H-1B, viza ya kazi. Hiyo miaka miwili ni ya mke wangu, mimi inanihusu nini?
Baba Pacha

Inakuhusu baba, J-2 anabeba mzigo wa J-1 ulivyo. Mkeo amefungwa kwa kuwa ni daktari wa mafunzo, basi na wewe umefungwa, H-1B huipati. Na huwezi kuomba msamaha wako peke yako, ukitoa mambo kama talaka au kifo, ambapo Wizara ya Mambo ya Nje yao inaweza kukuangalia kivyako. (Usiende kupeana talaka ya karatasi, nimekuona.) Barua ya ubalozi kwa madaktari haitumiki kabisa, na kumbuka ili apate hiyo J-1 wizara ya afya ya kwenu iliandika kwamba inamhitaji arudi. Njia wanayoitumia wengi ni ule mpango wa Conrad: kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka, daktari anakubali kufanya kazi miaka mitatu sehemu yenye upungufu wa madaktari, na msamaha wake ukipita na wewe umepita. Kwa hiyo mwambie bosi wako asubiri, na mkeo aanze kutafuta hospitali ya vijijini mapema, majimbo mengine nafasi zinaisha haraka.

*

Anti, viza yangu ya J-1 imeandikwa kanuni ya miaka miwili hainihusu, lakini fomu ya DS-2019, ile karatasi ya programu ya J-1, imeandikwa inanihusu. Niamini ipi?
Mtafiti

Usiamini hata moja. Yule afisa wa viza aliandika alivyoona siku ile, kinachoamua ni ukweli wenyewe, nani alilipa, fani yako ni ipi na nchi yako iko kwenye orodha au haipo. Orodha ya ujuzi ilibadilishwa tarehe 9 Desemba 2024, nchi kama China, India, Brazil na Afrika Kusini zimetolewa, na mabadiliko yanawagusa hata walioingia kabla ya hapo, kwa hiyo kuna watu wamefunguliwa wakiwa wamelala. Ila kama kulikuwa na hela ya serikali orodha haikuokoi. Kiandikie kitengo cha misamaha cha Wizara ya Mambo ya Nje kikupe maoni rasmi, ambatisha nakala za DS-2019 zote ulizowahi kupewa, siyo ya mwisho tu. Na kama una mpango wa kuongeza muda wa programu yako ongeza kwanza, maana ukishaomba msamaha na wizara ikaupendekeza, kuongezewa J-1 ndo basi.