Digrii ya sayansi ya afya kwa deni la dola 60,000: nisaini au niache?

*Shikamoo dada. Niko Minnesota mwaka wa nne sasa, nina miaka 27 na green card, nafanya CNA (msaidizi wa nesi) nyumba ya wazee shifti ya usiku. Nimepata nafasi chuo cha binafsi, digrii ya sayansi ya afya miaka 4. Wakishatoa misaada yote natakiwa nikope kama dola 60,000, nyingine mkopo wa serikali nyingine benki. Kipeperushi chao kinasema kwenye afya mtu anapata zaidi ya dola laki moja kwa mwaka. Mume wangu anasema nisaini tu, mama nyumbani ananiambia niangalie vizuri maana ada ya wadogo zangu inatoka kwangu. Nisaini?*

Marahaba mdogo wangu, na pole na shifti za usiku. Kwa hesabu uliyoniandikia, usisaini bado.

Kabla hata hujauliza mshahara, wapigie chuo uwaulize hivi: nikimaliza hii digrii natoka na leseni gani? Hapa Marekani hospitali haikuajiri kwa jina la digrii peke yake, inakuajiri kwa leseni, na sayansi ya afya ya jumla mara nyingi haina leseni yoyote ndani yake. Unasoma anatomia, takwimu, sera za afya, uongozi, masomo mazuri kabisa, lakini siku ya mahafali wewe si nesi, si mtu wa eksirei, si mtaalamu wa upumuaji, na unaweza kujikuta unarudi kwenye kazi ileile ya CNA, ila safari hii una deni.

Sasa hiyo laki moja. Takwimu za Wizara ya Kazi za Mei 2024 zinasema meneja wa huduma za afya, yule wa katikati kabisa, yaani nusu ya wenzake wanapata zaidi yake na nusu pungufu, alikuwa kwenye dola 117,960 kwa mwaka. Namba ni ya kweli, ila umeneja hupewi siku ya kwanza, watu wanafika pale baada ya miaka ya kazi na wengi wana masters. Takwimu hizohizo zinampa RN, yaani nesi aliyesajiliwa, dola 93,600, mtaalamu wa upumuaji 80,450, wa eksirei 77,660, na CNA kama 39,500. Ukiziangalia vizuri hizo tatu za kwanza zote ni kazi za leseni, na zote unaweza kuziingia kwa digrii ya miaka 2 ya koleji ya jamii (community college)! RN wa miaka 2 na RN wa miaka 4 wanakaa mtihani mmoja, NCLEX-RN, wanapata leseni ileile. Kuna hospitali kubwa zinapenda mwenye BSN, yaani ile digrii ya unesi ya miaka 4, hilo sikufichi, lakini BSN unaweza kuimalizia baadaye ukiwa tayari unalipwa kama RN.

Na deni lenyewe lishike kwa mwezi, usilishike kwa jumla, maana 60,000 ni namba kubwa mpaka inakuwa kama haimhusu mtu. Mkopo wa serikali wa digrii ya kwanza uliotolewa mwaka wa masomo 2025/26 una riba ya asilimia 6.39, ukilipa kwa miaka 10 kila dola 10,000 inakula kama dola 113 kwa mwezi. Kwa 60,000 ni karibu dola 680 kila mwezi, hapo nimehesabu kama zote ni za serikali, na sehemu ya benki inaweza kuwa na riba ya juu zaidi. Toa hiyo 680 kwenye mshahara wako wa sasa halafu toa kodi ya nyumba, gari, na ada ya wadogo zako, uone kinachobaki. Mama yako yuko sahihi, na usimwone kama anakurudisha nyuma.

Huo mkopo wa benki ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Wa serikali, ukiajiriwa hospitali isiyo ya faida au ya umma, ukalipa malipo 120 yanayokubalika chini ya PSLF, mpango wa serikali wa kufuta deni la wanaofanya kazi za umma, salio linafutwa. Wa benki haumo kabisa kwenye huo mpango, na siku kipato kikishuka huna haki ya kudai walipunguze rejesho.

Kabla hujajibu chuo ingia tovuti ya College Scorecard, ni ya serikali na ni bure, tafuta chuo chako na fungua programu yenyewe, usiishie kwenye wastani wa chuo kizima. Utaona wahitimu wanapata kiasi gani na wametoka na deni gani, ila kumbuka deni linaloonyeshwa pale ni la serikali tu, la benki halimo. Halafu jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, kwa ajili ya koleji ya jamii iliyo karibu na wewe. Pell Grant, msaada wa serikali kwa wanafunzi wa kipato kidogo, kwa 2025/26 inafika dola 7,395, hairudishwi, na ada ya koleji ya jamii kwa wastani ni kama 4,000 kwa mwaka kwa mkazi wa eneo hilo. Ukipata Pell kamili unaweza kusoma unesi bila kukopa ada kabisa. Nafasi za unesi zinagombaniwa, kwa hiyo anza sasa masomo ya mwanzo, anatomia na mikrobaiolojia, na uliza bodi ya manesi ya jimbo wanafunzi wa koleji hiyo wanafaulu NCLEX kwa asilimia ngapi.

Kama lengo lako ni fiziotherapia hapo tungeongea mengine, maana kule lazima udaktari wa DPT na digrii ya kwanza ni ngazi tu ya kufikia pale. Ila ujue Grad PLUS, mkopo wa serikali wa masomo ya juu ya digrii ya kwanza, kuanzia Julai 1, 2026 hautolewi kwa wakopaji wapya, kwa hiyo deni la digrii ya kwanza likiwa dogo ndio nafuu yako.

*Dada, mimi tayari ni mtu wa eksirei, nina leseni na digrii ya miaka 2, nataka kupanda cheo. Hiyo sayansi ya afya inanifaa?*

Wewe inakufaa, kwa sababu leseni unayo tayari na kinachokukwamisha ni digrii ya kwanza tu. Soma taratibu huku unafanya kazi, na kabla hujakopa hata senti nenda HR uulize kama wanasaidia ada, maana sheria inamruhusu mwajiri akulipie hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi. Wakikubali, soma vizuri wanataka ubaki nao miaka mingapi kabla hujaweka saini.