Mnara Mmoja, Historia Tatu: Kwa Wanaoanza Kuongoza Wageni kwenye Mnara wa Taa wa Jeffrey's Hook

Mgeni anayeteremka njia ya miguu ya Fort Washington Park, upande wa juu wa Manhattan jijini New York, na kuuona kwa mara ya kwanza mnara mdogo mwekundu uliosimama ukingoni mwa Mto Hudson, chini kabisa ya Daraja la George Washington, karibu kila mara huanza na swali lile lile: ulijengwa lini? Ninyi mnaoanza kazi ya kuwaongoza wageni mahali hapa mtatamani kumjibu kwa kumtajia mwaka mmoja, naye ataridhika, lakini mtakuwa mmempotosha. Miaka inayotajwa ni mitatu, yaani 1880, 1889 na 1921, na yote ni sahihi, kila mmoja kwa jambo lake. Ndiyo maana nawashauri, kabla ya kukariri chochote, mjizoeze kutenganisha historia tatu zilizokutana katika mnara huu: historia ya mahali, historia ya chuma, na historia ya taa yenyewe.

Mahali ndipo pa kuanzia, kwa sababu ndipo penye umri mkubwa kuliko vyote. Jeffrey's Hook ni rasi ndogo inayochomoza mtoni mahali ambapo Hudson imebanwa, na ubanano huo ndio uliowavutia wanajeshi zamani kabla ya kuwavutia wahandisi wa madaraja. Mwaka 1776 Wamarekani waliokuwa wakipigania uhuru walijenga ngome pande zote mbili, Fort Washington upande huu na Fort Lee upande wa New Jersey, wakazamisha vizuizi katikati ya mto ili meli za kivita za Uingereza zisipite. Meli zilipita, na tarehe 16 Novemba mwaka huo Fort Washington ikatekwa. Wageni wengi hupenda sana habari za vita, na mkiwaachia watawaweka hapo saa nzima. Nawasihi mzitumie tu kuonyesha jinsi mto ulivyo mwembamba hapa, kisha msonge mbele.

Jambo ambalo wageni hulisahau ni kwamba sehemu hii ya Hudson ni mto wenye tabia ya bahari. Maji hujaa na kupwa tangu mdomoni hadi Troy, umbali unaokaribia kilomita 240, kwa hiyo nahodha wa tishari alilazimika kupiga hesabu ya maji pamoja na ya giza na ukungu. Baada ya Mfereji wa Erie kufunguliwa mwaka 1825 na kuyaunganisha Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini na Hudson, shehena za bara zilianza kuteremka mtoni kuelekea bandari ya New York, na mahitaji ya taa yakaongezeka. Mnara wa mawe wa Stony Point, ulio mkongwe kuliko minara yote ya taa iliyosalia kwenye mto huu, ulijengwa mwaka uliofuata, 1826. Jeffrey's Hook ilisubiri muda mrefu zaidi, na ilichopata mwaka 1889 kilikuwa mlingoti wenye kandili mbili zenye mwanga hafifu. Huo ndio mwaka wa kutaja mgeni akiuliza taa ilianza lini kuwaka mahali hapa, ingawa mnara anaoutazama ulikuwa bado uko kwingine.

Ulikuwa Sandy Hook, ule ulimi wa mchanga wa New Jersey unaolinda lango la bandari ya New York kutoka upande wa bahari. Huko ulisimikwa mwaka 1880, ukafanya kazi hadi ulipoonekana hauhitajiki tena, na mwaka 1917 ukafunguliwa vipande vyake na kuwekwa akiba. Hapa kuna mtego ambao nimeona hata watu waliosoma wakinaswa nao. Sandy Hook kuna mnara mwingine, mkubwa, wa mwaka 1764, ambao ndio mnara wa taa mkongwe kuliko yote iliyosimama hadi leo nchini Marekani, na huo haujawahi kuondoka mahali pake. Mtu akiwaambia kwamba mnara mwekundu wa Hudson ni wa enzi za ukoloni wa Waingereza, jueni amechanganya majirani wawili.

Mnara uliweza kuhamishwa kwa sababu ya namna ulivyoundwa, na hili msilisimulie kwa maneno matupu wakati ushahidi uko mbele yenu. Wasogezeni wageni karibu na ukuta, muwaonyeshe mahali ambapo bamba moja la chuma linakutana na jingine na safu za boliti zinazoyashikilia. Kitu kilichofungwa kwa boliti kinaweza kufunguliwa, kikapakiwa, kikafungwa tena penginepo, kama kitanda cha kuhamia nacho. Mnara wa mawe wa Stony Point haukubali jambo hilo. Manahodha wa matishari walipodai mwanga ulio bora kuliko ule wa mlingoti, mnara huu wa takribani mita 12 uliletwa na kuunganishwa upya hapa mwaka 1921, ukapewa taa ya betri na kengele ya ukungu.

Kisha huja swali la pili, ambalo mara nyingi huulizwa na watoto: mtunza taa alilala wapi? Hakulala hapa. Kwenye minara mingine miwili ya Hudson, Saugerties, kwenye jengo la mwaka 1869, na Hudson-Athens, kwenye jengo la mwaka 1874 lililosimama katikati ya maji, watunza taa waliishi na familia zao, na mnaweza kuzitaja nyumba hizo kwa kulinganisha. Jeffrey's Hook palikuwa na mhudumu wa muda tu, aliyekuja kuangalia taa na kengele kisha akarudi kwake. Msimbunie mzee mwenye ndevu aliyeketi dirishani usiku wa dhoruba, hata kama mnaona nyuso za wageni zikimtamani.

Kwa wale watakaotaka kuchimba zaidi ya simulizi, nashauri mjifunze kwanza majina ya idara, kwa kuwa ndiyo hutoa makosa upesi kuliko kitu kingine chochote. Minara ya taa ya Marekani ilisimamiwa na Bodi ya Minara ya Taa kuanzia mwaka 1852 hadi 1910, kisha na Ofisi ya Minara ya Taa hadi 1939, na ni mwaka huo ndipo kazi ilipokabidhiwa Walinzi wa Pwani. Kwa hiyo maelezo yanayosema kwamba Walinzi wa Pwani waliujenga upya mnara huu mwaka 1921 yameirudisha nyuma idara kwa miaka 18, na mnapoyakuta, yakagueni kwa makini na mengine yaliyomo humo. Kumbukumbu za idara zote tatu zimewekwa pamoja katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, chini ya kundi namba 26. Mtakuta mapengo. Moto uliozuka Januari 1921 katika jengo la Wizara ya Biashara mjini Washington, ambao unajulikana zaidi kwa kuharibu sensa ya mwaka 1890, uliunguza pia nyaraka nyingi za minara ya taa. Palipo na pengo, orodha rasmi za taa zilizochapishwa kwa ajili ya mabaharia husaidia sana, mradi mkumbuke kwamba urefu wa taa kutoka usawa wa maji na urefu wa mnara kutoka ardhini ni vipimo viwili tofauti.

Historia ya tatu, ile ya taa, ndiyo fupi kuliko zote, nayo imefunikwa na kitabu. Daraja lilifunguliwa Oktoba 1931, likiwa na mwanga wake lenyewe, na umuhimu wa taa ndogo iliyo chini yake ukapungua ghafla, baada ya miaka 10 tu ya kazi mahali hapa. Mwaka 1942 Hildegarde Swift aliandika kitabu cha watoto, kikachorwa na Lynd Ward, kuhusu mnara mdogo mwekundu unaohofia kwamba daraja kubwa la kijivu limeuondolea kazi. Wageni wengi hudhani kitabu kilikuja kuomboleza taa iliyokwisha kuzimwa. Sivyo: taa ilikuwa ingali inawaka, na ilizimwa mwaka 1948. Mpangilio huu ni muhimu, kwa sababu Walinzi wa Pwani walipokusudia kuuza mnara kwa mnada, tayari kulikuwa na watoto waliokua wakisomewa habari zake, na kelele za wananchi ndizo zilizouokoa. Tarehe 23 Julai 1951 ulikabidhiwa kwa idara ya bustani ya jiji; mwaka 1979 ukaingizwa katika rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria, na mwaka 1991 jiji nalo likautambua rasmi.

Mkipata nafasi, pandeni mto hadi Sleepy Hollow mkauone mnara wa Tarrytown wa mwaka 1883, ambao nao ulipunguziwa kazi na daraja, lile la Tappan Zee lililofunguliwa mwaka 1955. Pale mambo yaligeuka: mnara haukwenda popote, ila ardhi ndiyo iliyoufuata, kwa kuwa ufukwe ulifukiwa kwa udongo hadi jengo lililokuwa mbali majini likawa karibu kabisa na ukingo.

Mwisho, mtaulizwa kama taa hii bado inafanya kazi. Jibuni kwamba iliwashwa tena na jiji mwaka 2002, miaka 54 baada ya kuzimwa, na kwamba anayetaka kuiona ikiwaka arudi jioni, asimame upande wa kusini wa daraja, mahali ambapo taa za juu hazimpigi machoni.