Taa ya kutuma haitulii, je dishi limehama?

SWALI: Fundi habari za siku. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa karibu na Kikorongo huku Kasese, mtandao wa simu kwetu unasumbua ndo maana mzee alituwekea intaneti ya dishi kabla hajarudi kazini Juba. Mwezi uliopita radi ilipiga usiku modemu ikazima moja kwa moja, kampuni wakatuma ingine kwa basi. Nimechomeka kila kitu kama ilivyokuwa, ila adapta ya hii mpya ina miguu miwili ya mviringo haingii kwa soketi yetu, nikatumia ile ya zamani ikaingia vizuri. Sasa taa ya RX imetulia, ya TX inawaka inazima, inawaka inazima, usiku mzima. Kompyuta inasema imeunganishwa lakini hakuna kitu kinafunguka. Kuna kijana hapa senta anasema dishi limehama, anataka elfu 80 apande ageuze. Nimpe?
Mama wa wanne, Kikorongo

JIBU: Mama pole sana, na tunashukuru Mungu radi haikugusa mtu. Huyo kijana usimpe, na dishi asiliguse kabisa.

RX ni kupokea, TX ni kutuma. RX ikitulia ujue modemu inaisikia setilaiti, na kama inaisikia basi dishi bado linaitazama pale pale. Setilaiti za aina hii zinakaa juu ya ikweta, mstari uleule unaopita hapo kwenu Kikorongo, kilomita kama 35,786 kwenda juu, kwa hiyo ukisogeza dishi digrii moja tu kule juu umeshahama zaidi ya kilomita 600. Kulirudisha bila kipimo ni kupapasa gizani. Nilishaona nyumba moja Fort Portal, shida ilikuwa waya tu wao wakalegeza nati za dishi, wakakaa wiki tatu watoto wanaomba simu ya jirani kufanyia homuwaki, iliniuma sana.

Kilichonishtua kwa barua yako ni adapta. Kile kichwa kilichofungwa mbele ya dishi hakina umeme wake, kinaupata kutoka kwa modemu kupitia huo huo waya wa dishi, na kutuma kunakula umeme mwingi kuliko kupokea. Adapta ikiwa dhaifu taa zitawaka, kupokea kutakubali, ila kichwa kikijaribu kutuma umeme unashuka, kutuma kunakatika, modemu inajaribu tena, inashindwa tena. Inafanana sana na hiyo taa yako. Zigeuze adapta zote mbili usome palipoandikwa OUTPUT, volti ngapi na ampea ngapi, na hata ukikuta zinalingana mimi hiyo ya zamani singeiamini maana ilipigwa radi pamoja na modemu yake. Nenda duka la vitu vya umeme ununue kile kiplagi cha kubadilisha, nyuma kinapokea miguu miwili mbele kina mitatu, halafu utumie adapta iliyokuja na modemu. Ila kwanza soma INPUT uone kama inafika 240.

Ukiwa hapo hapo angalia na nyaya, lakini ZIMA UKUTANI KWANZA, usifungue waya wa dishi modemu ikiwa inawaka, umeme unapita humo na ukigusisha tu unaweza kuunguza hata hii mpya. Kama zako ni nyaya mbili hakikisha wa TX uko kwa TX, zinafanana sana kwa sura. Kisha tazama ncha, ile shaba ya katikati inatakiwa ing'ae, ikiwa ya kijani au nyeusi maji yameingia, mtu akate kidogo afunge ncha mpya ya waya, na asiache hata unywele mmoja wa ule wavu wa nje uguse shaba.

Baada ya hapo piga simu kampuni. Modemu hizi hazifanyi kazi kwa kuchomeka tu, kila moja ina namba yake imebandikwa chini na mitambo yao inaruhusu namba inayoijua peke yake. Waulize hivi: ile ya zamani mmeitoa, hii mpya mmeiingiza kwa akaunti yetu? Wakikwambia zima uwashe usikubali kukata simu, mwambie akusomee namba aliyoandika herufi kwa herufi nawe unafuata kwa kidole, mara nyingi ni 8 imeandikwa B na nyumba nzima inateseka kwa hiyo tu.

Wakishaiingiza iache iwake ijivute yenyewe, inaweza kushusha programu muda mrefu, usiizime katikati. Na lile tundu dogo la risti (reset) usilichokoe, kwa modemu nyingine linafuta mipangilio yote ya setilaiti.

Ukifanya yote haya na TX bado haitulii, basi inawezekana radi ilipita mpaka kwa kichwa cha nje. Hapo sasa ita fundi wa kampuni mwenye kipimo, na umwambie akuwekee waya wa athi, ule unaopeleka umeme ardhini, nyumba iliyopigwa mara moja isiachwe hivi hivi.

SWALI: Fundi, kila mwaka Machi karibu na tarehe 20 intaneti yangu ya dishi inakatika dakika chache mchana, saa zilezile, siku kadhaa mfululizo, na jua linawaka hakuna hata wingu. Nigeuze dishi?
Msomaji, Arua

JIBU: Hapana kaka. Siku hizo jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti, dishi linalitazama jua uso kwa uso na kelele zake zinaifunika ishara. Hata Septemba karibu na tarehe 23 utaiona tena. Inaisha yenyewe baada ya siku chache, ila ikiendelea mpaka Aprili niandikie uniambie na taa zinavyowaka.