Rafiki wa kundini anayesambaza habari zisizo na chanzo

Dada, nimekuelewa. Kundi lenu la WhatsApp lilikuwa la salamu, bei ya nyanya na habari za siku, sasa mmoja kila asubuhi anamwaga taarifa za kutisha, nawe hutaki kumkosea. Usimjibu mbele ya watu. Mfuate inbox, muulize kwa upole kaipata wapi. Mimi wangu nilimsahihisha hadharani, akajitoa. Mpaka leo inaniuma.

Mishale miwili juu ya ujumbe maana yake umeshapita mikono mingi. Usiusambaze: hapa Tanzania kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamwadhibu anayechapisha uongo kwa makusudi ili kupotosha umma, faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ukiitwa polisi, tafuta wakili kabla ya kuandika maelezo.