Ripoti yasema 32, mtoto asema 80

Mama mmoja alinifuata hadi barazani, mtaa wa Langoni, Lamu, baada ya swala ya Alasiri, simu mkononi. Hakukaa. "Mwalimu, hebu niangalilie hapa. Mwanangu halali kwa hizi kazi zenu, mbona yasema asilimia 32?" Nikaipokea simu. Kweli, 32. Nikamwambia nitaangalia, na moyoni nikajisemea ni yale yale, mtoto kamzuga mamake.

Usiku nikafungua kompyuta. Mtoto hakumzuga mtu. Alikuwa na kazi nne zilizosahihishwa: 80, 90, 70 na 80. Wastani wake ni 80. Lakini kozi ya muhula ilikuwa na kazi kumi, sita hatujazifikia, na programu imezihesabu zote sita kuwa sifuri. 320 gawanya kwa 10 ni 32. Hesabu haina kosa, ila ripoti inamsingizia mtoto. Na namba kama hii haibaki namba. Kwa mtaala wetu wa umilisi hugeuzwa maneno: huyu amezidi matarajio, huyu amefikia, huyu anakaribia, huyu yuko chini. Mzazi akishalisoma neno hilo, mtoto hana wa kumtetea.

Sisi twatumia Moodle, programu ya bure ya kusomeshea mtandaoni, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas kule Australia, toleo lake la kwanza likatoka 2002. Ukitumia nyingine, majina ya vitufe yatatofautiana lakini maradhi ni hayo hayo. Makosa karibu yote niliyoyakuta tuliyapanda wenyewe kwenye mipangilio, mimi nikiwa wa kwanza.

Kitu ambacho ningependa niambiwe mapema: usirekebishe ripoti ndani ya ripoti. Najua utamu wake. Seli ya jumla iko mbele yako, unabofya, unaandika 80, mzazi anaondoka ameridhika. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza kwa darasa zima, usiku mmoja. Katika Moodle, alama ukiiandika kwa mkono ndani ya jedwali la alama, seli hubadilika rangi na kujifunga hapo. Mwanafunzi akirudia kazi akapata zaidi, alama mpya haipiti. Wiki kadhaa baadaye wanafunzi wakaanza kuniuliza mbona wanarudia majaribio na hakuna kinachobadilika, nami nikiilaumu intaneti. Mafundi wa majahazi wa Matondoni hawapaki rangi ubao ambao haujatiwa kalafati, yaani haujazibwa nyufa. Mimi nilipaka, na maji yakaingia.

Shika mwanafunzi mmoja na kazi moja, uifuate tangu mwanzo. Fungua kumbukumbu zake: aliingia lini, aliwasilisha lini, nani alisahihisha, alama iliingia safu gani, na safu hiyo inachangia vipi kwenye jumla. Kazi hiyo hunichukua kama robo saa. Ukiliona tundu kwa mtoto mmoja, mara nyingi umeliona la darasa zima.

Tundu la kwanza ni hilo la seli tupu. Kuna mpangilio unaoamua kama kazi isiyo na alama ihesabiwe au iachwe. Wengi wakishagundua hili huamuru zote tupu ziachwe, kisha wanalala. Subiri kidogo. Ukifanya hivyo tu, yule aliyefanya kazi moja akapata 95, kisha akatokomea ufukweni muhula mzima, ripoti yake itasoma 95. Sisi tumekubaliana hivi: tupu iachwe, lakini tarehe ikipita na hakuna udhuru, mwalimu wa somo anaingia ndani ya kazi yenyewe na kuweka sifuri. Ni kazi ya mkono, inachosha, na walimu wawili bado wananinunia. Lakini sifuri hiyo ina mtu aliyeiamua.

La pili ni saa, na hili naona linatuuma sisi watu wa pwani kuliko wengine. Mwalimu mwenzangu aliwatangazia wanafunzi mwisho ni Jumapili saa 6 usiku. Kwenye programu akachagua Jumapili, 06:00. Kwa saa ya programu hiyo ni alfajiri, saa 12 asubuhi. Watoto walioketi Jumapili mchana wakafanya kazi vizuri, wote wakaandikwa wamechelewa na kukatwa alama. Na hata angechagua 00:00 angekosea, kwa sababu 00:00 ya Jumapili ni usiku wa Jumamosi unapokwisha. Ongeza na wazee wetu, ambao kwao usiku hutangulia mchana: ukisema "usiku wa Jumatatu" nyumbani kwangu, bibi anaelewa Jumapili baada ya Magharibi. Mimi sasa naandika 23:55, na kwenye tangazo naandika "Jumapili, kabla ya saa 6 ya usiku wa kuamkia Jumatatu". Refu, lakini hakuna aliyelalamika tena. Hakikisha pia seva, ile kompyuta inayoendesha programu, na akaunti za wanafunzi zimewekwa saa za Africa/Nairobi. Seva yetu ilikuwa imeachwa na saa za UTC, yaani saa za kimataifa, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu, na kila ripoti niliyopakua ilionyesha watoto wakisoma saa ambazo walikuwa madrasa.

La tatu halimo kwenye kompyuta kabisa. Tuna wanafunzi wa upande wa Faza na Kizingitini ambao hufanya kazi kwenye simu bila bando, na majibu hukaa ndani ya simu hadi mtandao upatikane. Mtoto amemaliza Alhamisi, ripoti inaonyesha hajaanza. Kabla ya kumpigia mzazi, mwambie afungue programu akiwa na mtandao, aangalie kama kuna ujumbe kwamba kuna kazi inayosubiri kutumwa. Kuna pia ndugu wanaotumia simu moja. Nilikuwa na mwanafunzi wa ajabu, anafanya jaribio la darasa lake, dakika kumi baadaye anafungua somo la darasa la chini. Alikuwa mdogo wake. Kaka hakutoka kwenye akaunti, mdogo akaendelea humo humo, na ripoti ya mdogo ikabaki jangwa. Hapo hakuna mpangilio wa kubofya. Nilienda nyumbani kwao, nikawaonyesha wote wawili jinsi ya kutoka na kuingia, nikanywa kahawa, nikarudi.

Tahadhari ya tiki za kijani, zile programu huweka kando ya kazi iliyokamilishwa: tiki inaonyesha sharti limetimia, basi. Kama sharti ni "fungua ukurasa", mtoto atapata tiki kwa kufungua na kufunga. Ukitaka kubadilisha sharti katikati ya muhula, weka bekapu kwanza, kwa maana ukilifungua kufuli la masharti programu hufuta hali ya ukamilishaji na kuihesabu upya, na tiki ambazo wanafunzi walijiwekea wenyewe hazirudi. Na ikiwa tiki na ripoti zote zimeganda kwa siku nzima, usipoteze usiku. Muulize anayetunza seva kama kroni inafanya kazi. Hiyo ndiyo inayosukuma shughuli za nyuma ya pazia, na inatakiwa iitwe kila dakika.

Mamake yule mtoto nilimrudia kesho yake. Nikamwonyesha ripoti mpya, 80. Akaitazama sana, akateremsha kidole hadi chini.

"Na hizi sita zisizo na kitu?"

"Hizo bado, mama. Tarehe zake hazijafika."

"Sasa mimi ningejuaje? Andikeni basi."

Siku hiyo hiyo nikaongeza mstari juu ya kila ripoti: kazi zilizosahihishwa, 4 kati ya 10.