Laptopu inaganda vidoti vikizunguka: usikubali kupigiwa Windows kwanza

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Laptopu yangu ina miaka 7, niliinunua ikiwa imeshatumika. Betri yake haikai na chaji. Juzi umeme ulikatika nikiwa naitumia, na tangu hapo kila nikiwasha inaleta nembo, vidoti vinazunguka kidogo, halafu kila kitu kinaganda. Nimewahi kuiacha tangu magharibi hadi isha, haikusogea. Fundi mmoja kaniambia dawa yake ni kupiga Windows upya. Ndani mna alama za wanafunzi wangu na picha za marehemu mama, na sina nakala kwingine. Nifanyeje?
Mwalimu, Chumbageni, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam mwalimu, Mwenyezi Mungu amrehemu mama. Usimruhusu mtu yeyote apige Windows kwenye diski hiyo kabla picha na alama hazijatoka. Diski ikishafutwa na kuandikwa juu yake, hata fundi hodari anaweza kushindwa kukurudishia kitu.

Mahali laptopu inapogandia panatuonyesha ugonjwa uliko. Ingegandia kwenye nembo tupu, kabla ya vidoti, ningeanza na RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Upepo wetu wa baharini una chumvi, na mara nyingi nikichomoa RAM hapa Ngamiani naikuta meno yake yamefifia na kuweka madoa. Nayasugua kwa ufutio wa penseli, narudisha, inawaka. Yako inafika kwenye vidoti, maana yake imeshajikagua, imeiona diski na imeanza kuisoma Windows. Inakwama njiani. Ama mafaili ya Windows yaliharibika umeme ulipokatika, ama diski yenyewe inakufa. Mafaili yanatengenezeka. Diski inayokufa haina subira.

Kwa hiyo anza kwa kusikiliza. Usiku nyumba ikitulia, zima feni ya dari, washa laptopu, weka sikio pale viganja vinapolala chini ya kibodi, kulia kisha kushoto. Diski nzima ya kuzunguka huvuma taratibu. Ukisikia inagonga tk, tk, inanyamaza, kisha inagonga tena, izime papo hapo na usiiwashe tena hata kwa kujaribu. Kila ukiwasha unapunguza nafasi ya kuzipata picha. Hiyo ipeleke kwa fundi na umwambie kwa maneno haya: nataka mafaili kwanza.

Kama haigongi, chomoa modemu, flashi, mausi na kadi ya memori. Zima, toa chaja na betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, rudisha chaja, uwashe. Kuna zinazopona hapo tu.

Isipopona, washa, na vidoti vikitokea shikilia kitufe mpaka izime. Fanya hivyo mara mbili au tatu. Inayofuata Windows italeta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Pita Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza namba 4. Hapo Windows inajaribu kuwaka na vitu vichache tu vya lazima. Huenda njiani ikakudai ufunguo wa tarakimu 48, wa kufungulia diski iliyofungwa kwa kufuli la BitLocker. Huo huhifadhiwa mara nyingi kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeisajili laptopu, na kwa kuwa yako ilishatumika, yawezekana ni akaunti ya mwenye wa kwanza. Mtafute mapema.

Ikifunguka, usianze kutengeneza chochote. Chomeka flashi, nakili picha za mama, kisha alama, kisha mengine. Faili likigoma, liruke uendelee. Kuna mama mmoja wa Raskazone, folda moja ya harusi ya bintiye ilinichukua tangu adhuhuri hadi alasiri, picha moja moja, kwa sababu diski ilikuwa inakwama kila baada ya muda. Nilikaa nayo, na karibu zote zilitoka.

Isipofunguka, diski inatolewa kwa skrubu chache, inawekwa kwenye kasha la USB na kusomwa kwa kompyuta nyingine. Ni kazi ya kawaida, na unaweza kukaa pembeni ukatazama.

Mafaili yakishakuwa mahali pawili, sasa tengeneza. Amri ya chkdsk C: /r hukagua diski yote na inaweza kuchukua saa kadhaa, na betri yako haitavumilia umeme ukikatika katikati. Ifanyie penye UPS (kifaa cha akiba ya umeme) au jenereta. Ikikuta sehemu mbovu, usiirekebishe tena diski hiyo. Nunua SSD, yaani diski isiyozunguka, na Windows ipigwe huko. Kama unatumia Windows 10, ujue Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo muulize fundi kama mashine inakubali 11 kabla hujalipa.

Na betri ibadilishwe safari hiyo hiyo. Ukibaki na hii, umeme ukikatika laptopu itazimika tena katikati ya kuandika, hata ikiwa na SSD mpya. Ukiamua kuja kwangu, njoo na chaja yako na flashi yenye nafasi. Ukifika tunaanza na picha za mama.